Darubini ya bunduki: namna ilivyofika kwa mwindaji wa kawaida, na kwa nini haikuingia msituni Kongo

Huku mashariki mwa Kongo, darubini inayofungwa juu ya bunduki inajulikana zaidi kama kitu cha vita. Mtu akiiona juu ya silaha, mara moja anafikiri juu ya askari anayepiga kutoka mbali. Lakini kioo hicho hakikuanzia jeshini. Kilianzia mikononi mwa wapiga shabaha na wawindaji, majeshi yakakikopa, kisha kikarudi kwa wawindaji. Na kwa zaidi ya miaka mia moja, swali lake kubwa limekuwa lile la mfuko: mtu mwenye pesa kidogo achague ipi?

Historia hiyo inawahusu hata wale ambao hawajawahi kushika bunduki. Mama anayeingia msituni kutafuta kuni karibu na kambi ya wakimbizi, kijana anayekata miti ya kujengea kibanda, mtoto anayeokota uyoga: wote wanategemea jambo moja, kwamba mwenye bunduki ataona vizuri kabla ya kupiga. Kazi ya kwanza ya darubini ni hiyo. Kupiga mbali kunakuja nyuma.

Bomba refu kama mtutu

Darubini yenyewe ilijulikana mwaka wa 1608, wakati fundi wa miwani Hans Lipperhey alipoomba hati ya uvumbuzi katika mji wa The Hague, Uholanzi. Mwaka uliofuata, Galileo Galilei kule Italia alikuwa tayari ameielekeza kwenye nyota. Lakini ilipita zaidi ya miaka mia mbili kabla ya mafundi kuweza kuifunga vizuri juu ya bunduki.

Sababu ni rahisi kuelewa. Bunduki inapiga teke. Kila risasi inapotoka, chuma chote kinarudi nyuma kwa nguvu, na kioo kilichofungwa ovyo kinahama au kinavunjika. Darubini iliyohama hata kidogo tu inamwonyesha mwindaji mahali pamoja, na risasi inaenda mahali pengine.

Huko Marekani, katika miaka ya 1840, John R. Chapman alitoa kitabu juu ya bunduki za shabaha, akaeleza ndani yake darubini aliyoifanyia kazi pamoja na fundi wa bunduki Morgan James wa mji wa Utica. Mwaka wa 1855, William Malcolm wa Syracuse alianza kutengeneza darubini zenye vioo bora zaidi, visivyotia rangi za uongo pembeni mwa picha. Darubini za wakati ule zilikuwa bomba la chuma jembamba, mara nyingi refu karibu sawa na mtutu wenyewe. Zilikuwa nzito, ghali, na zilihitaji mtu mpole wa mikono. Zilibebwa na wachache.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilizichukua bunduki hizo na kuzipeleka mbele ya adui. Ndiyo mara ya kwanza watu wengi kuona kwamba chombo cha mwindaji kinaweza kugeuka haraka kuwa chombo cha kuua watu.

Bunduki za wawindaji zachukuliwa vitani

Mwishoni mwa karne ya 19, mafundi wa Ujerumani na Austria walifupisha lile bomba refu, wakatengeneza darubini fupi ya kufaa mtu anayetembea porini. Wawindaji wao waliipenda kwa sababu kule nguruwe wa porini na paa hutoka wakati wa machweo, na kioo kizuri humwongezea mwindaji dakika kadhaa za kuona wakati macho ya kawaida yameshashindwa.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka wa 1914, Ujerumani ilijikuta na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: wawindaji wengi wenye bunduki za darubini. Serikali ikakusanya bunduki hizo kutoka kwa raia na kuzipeleka kwenye mahandaki. Waingereza walipata hasara kubwa kabla ya kujibu, na wao pia wakajibu kwa kuwaita wawindaji. Hesketh Hesketh-Prichard, aliyekuwa mwindaji na msafiri, ndiye aliyesaidia kupanga mafunzo ya wapigaji wao wa mbali, na kikosi cha Lovat Scouts kilichukua watu wa milima ya Uskoti waliozoea kuwatafuta kulungu kwa darubini za mkononi.

Basi tangu wakati ule darubini ya bunduki ilibeba sura mbili, na bado inazibeba.

Dolari 19

Baada ya vita hivyo, mkulima au mfanyakazi wa kiwanda wa Marekani aliyetaka darubini alikuwa na njia mbili tu: kununua ya Ujerumani kwa bei ya kutisha, au kuacha. Wengi waliacha. Walilenga kwa alama za chuma zilizo juu ya mtutu, kama baba zao.

Mwaka wa 1930, uchumi wa dunia ukiwa umeanguka, kijana mmoja anayeitwa William Ralph Weaver alianzisha kiwanda kidogo katika mji wa Newport, jimbo la Kentucky. Alikuwa na umri wa miaka 25 hivi. Haukuwa wakati mzuri wa kuuza kitu cha anasa. Yeye hakushindana na Wajerumani kwa ukubwa wala kwa uzuri. Alijiuliza mwindaji wa kawaida anahitaji nini kweli, akaondoa mengine yote.

Darubini yake ya kwanza ilikuza mara 3 tu. Bomba lake lilikuwa jembamba, la chuma, la upana wa milimita 19 hivi. Vifungo vya kuishikilia kwenye bunduki vilikuwa vyepesi na rahisi. Iliuzwa kwa dolari 19, pamoja na vifungo vyake. Mwaka wa 1933 alihamia El Paso, Texas, na darubini yake iliyoitwa 330 ikaenea kwa wawindaji wa mashambani.

Haikuwa darubini bora kuliko zote duniani. Kioo chake kilikuwa kidogo, na mwanga ulioingia haukuwa mwingi. Lakini ilikaa mahali pake, na ilinunulika. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, jeshi la Marekani lilihitaji haraka darubini za bunduki za wapigaji wa mbali, na likaichukua hiyo hiyo 330 ya wawindaji na kuifunga kwenye bunduki ya Springfield M1903A4. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu wa pesa kidogo kilikwenda tena vitani.

Mvuke ndani ya kioo

Adui aliyebaki alikuwa maji. Darubini za zamani hazikufungwa vizuri. Mwindaji akitoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto, au akinyeshewa siku nzima, mvuke ulijikusanya ndani ya kioo, na alipoinua bunduki aliona weupe mtupu.

Hilo lilimpata Marcus Leupold wa Portland, Oregon, ambaye familia yake ilitengeneza vyombo vya wapima ardhi. Alikosa mnyama kwa sababu ya mvuke ndani ya darubini yake, akaamua kutengeneza ya kwake. Darubini ya kwanza ya kiwanda chake ilitoka mwaka wa 1947. Njia iliyoshinda ukungu ilikuwa kutoa hewa yenye unyevu ndani ya bomba, kuweka gesi kavu ya nitrojeni badala yake, na kufunga kila mahali. Leo hata darubini za bei ndogo hutengenezwa hivyo, ingawa si zote zinafungwa kwa uaminifu.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1935, Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss kule Ujerumani alikuwa amegundua namna ya kupaka kioo tabaka jembamba sana linalozuia mwanga kurudi nyuma. Faida yake inahesabika. Kila uso wa kioo kisichopakwa hupoteza karibu asilimia 4 ya mwanga. Darubini yenye nyuso 10 za kioo inapoteza karibu theluthi moja ya mwanga kabla haujafika kwenye jicho. Tabaka hilo linairudisha sehemu kubwa ya mwanga huo.

Baada ya vita, viwanda vya Japani viligeukia kazi za amani, na wafanyabiashara kama David P. Bushnell wa Marekani, aliyefungua kampuni yake mwaka wa 1948, wakaanza kuleta vioo vya Japani kwa bei ambayo mfanyakazi angeweza kulipa. Baadaye kazi kubwa ya darubini za bei ndogo ilihamia China. Kila mara bei iliposhuka, swali la mnunuzi lilibadilika. Zamani aliuliza kama atapata pesa. Leo, mbele ya vioo vingi vinavyofanana, anauliza kipi kitadumu.

Kwa nini haikuingia msituni Kongo

Wakati mwindaji wa Texas ananunua darubini ya dolari 19, mwindaji wa Ituri au wa Maniema alikuwa wapi? Watu wengine hufikiri kwamba alichelewa tu. Sivyo. Kuna sababu tatu, na ya kwanza iliandikwa kwenye karatasi.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliotangazwa kuwa wa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na sharti juu ya silaha. Katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, ilikatazwa kuingiza bunduki za kisasa, hasa zile zenye mtutu wa mifereji. Kongo yote ilikuwa ndani ya mstari huo. Kilichoweza kuruhusiwa kwa biashara kilikuwa bunduki ya gumegume yenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida. Bunduki ya mifereji ilibaki kwa majeshi ya wakoloni, na kwa watu wachache wenye ruhusa ya pekee.

Jambo hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Mifereji ndani ya mtutu ndiyo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja hadi mbali. Mtutu laini hauwezi hivyo. Na darubini juu ya mtutu laini inamwonyesha mtu mnyama ambaye risasi haitamfikia. Kwa hiyo mwindaji Mkongomani hakunyimwa kioo tu. Alinyimwa bunduki ambayo kioo kingekaa juu yake.

Alichobaki nacho kilikuwa gobori la kushindilia baruti kwa mbele, na baadaye bunduki ya kienyeji ambayo wengi huiita pupu, inayotengenezwa na mafundi wa chuma wa vijijini kwa mabomba na mabaki ya vyuma. Kisha ikaja kalibre 12 ya kiwanda. Hiyo nayo ni ya mtutu laini: masasi yake madogo hutawanyika, na nguvu yake ya kweli haipiti sana mita 30 au 40.

Sababu ya pili ni msitu wenyewe. Katika msitu wa Ituri, macho ya mtu mara nyingi hayaoni zaidi ya mita 20 au 30. Wambuti waliutatua ugumu huo kwa kuwinda pamoja: wanaume hutandaza nyavu, wanawake na watoto wanamfukuza mnyama kuelekea kwenye nyavu kwa kelele. Wenzao Waefe huwinda zaidi kwa upinde. Kwa mboloko anayekimbia mbele ya miguu, darubini ingekuwa mzigo shingoni.

Hata wageni waliokuwa na bunduki bora hawakuihitaji sana. William Bell, Mskoti aliyejulikana kwa jina la Karamojo, aliwinda tembo katika Lado kwenye Mto Naili, mwanzoni mwa karne ya 20, eneo lililokuwa chini ya mfalme Leopold wa Pili. Bell alisifika kwa kutumia risasi ndogo ya milimita 7, kwa kumsogelea mnyama karibu sana, na kwa kujua vizuri mahali ubongo unapokaa ndani ya fuvu. Ujuzi wa namna hiyo hauuzwi dukani.

Sababu ya tatu ni pesa. Bunduki ya mifereji, masasi yake, kibali chake, kisha darubini juu yake: hesabu hiyo iliwahusu wakubwa na watalii. Kwa mwindaji wa kijiji, katriji moja ya kalibre 12 tayari ni pesa ya kufikiria mara mbili.

Mambo ambayo mwenye pesa kidogo amejifunza

Hata hivyo, mahali ambapo mwindaji ana bunduki ya mifereji yenye kibali, na anawinda katika savana au vilima vilivyo wazi, historia hii inamfundisha namna ya kuchagua bila kutupa pesa.

La kwanza, nguvu ya kukuza isimdanganye mtu. Duka huuza namba kubwa. Lakini darubini inayokuza mara 4 humwonyesha mwindaji upana wa karibu mita 9 kwenye umbali wa mita 100, na inayokuza mara 9 humwonyesha karibu mita 4 tu. Mnyama akisogea, yule wa pili amempoteza, na hajui nani amesimama pembeni. Weaver aliwauzia wawindaji kioo cha mara 3, na walikula nyama.

La pili, mwanga. Gawanya upana wa kioo cha mbele kwa nguvu ya kukuza. Kioo cha milimita 32 kinachokuza mara 4 kinatoa mwanga wa upana wa milimita 8 kwenye jicho. Mboni ya mtu kijana hufunguka karibu milimita 7 gizani, kwa hiyo hiyo inatosha kabisa. Kioo cha milimita 40 kinachokuza mara 10 kinatoa milimita 4 tu, na jioni picha inakuwa nzito. Darubini ndogo na rahisi inaweza kushinda kubwa na ya ghali wakati jua linapozama.

La tatu, ile isiyobadilika nguvu ina vipande vichache ndani. Kwa bei moja, mara nyingi ni imara kuliko ile ya kuzungusha. Kipande kisichokuwepo hakiwezi kulegea.

La nne, vifungo. Watu hununua kioo kizuri na kukifunga kwa chuma dhaifu. Kioo kikihama, mwindaji anatumia masasi mengine kukirekebisha kwenye shabaha, na bei ya masasi hayo ni sehemu ya bei ya darubini. Ya bei ndogo inayohama kila mwezi ni ghali kuliko ya bei ya kati inayokaa.

La tano, nafasi kati ya jicho na kioo. Inahitajika sentimita 8 hadi 10 hivi. Ikiwa jicho linalazimika kukaribia zaidi, teke la bunduki litampasua mtu juu ya jicho.

Kwa ile iliyotumika, katika inchi ya mvua kama Kongo, kuna adui mwingine: kuvu. Unyevu hufanya kuvu kuota juu ya vioo kama nyuzi za buibui, na huko ndani hakufutiki. Ielekeze kwenye mwanga na uangalie kutoka mbele na kutoka nyuma. Itikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani, iache kwa mwenyewe.

Kosa linaloua

Kuna sheria moja ambayo wawindaji wa nchi zote wamejifunza kwa machozi. Darubini ya bunduki si ya kutafutia. Ni ya kulengea peke yake. Mtu anayetaka kujua ni nini kinachotikisa majani akiinua bunduki ili aangalie kwa darubini, tayari ameuelekeza mtutu kwenye kitu hicho. Ikiwa ni mtu, amemlenga mtu. Kwa kutafuta kuna darubini ya mkononi, au subira. Bunduki inainuliwa baada ya kujua.

Na majani yanayotikisika yasipigwe. Katika maeneo ambako familia zimekimbia vita, msitu hauna watu wachache tena. Njia ambazo mwaka jana zilikuwa za wanyama, leo zinapitiwa na wanaotafuta kuni, kiazi cha mwitu, au njia ya kurudi kuangalia shamba waliloliacha. Mwindaji aliyekulia hapo anajua pori la zamani. Hajui lazima nani amelala ndani yake tangu wiki iliyopita.

Sheria ya Kongo nayo inasema. Sheria ya tarehe 28 Mei 1982 juu ya uwindaji inadai kibali, na inakataza kuwinda usiku kwa taa. Ile ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na masasi inadai ruhusa ya kumiliki bunduki. Na tarehe 6 Mei 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Katika hali hiyo, mtu anayetoka msituni na bunduki yenye darubini begani hataulizwa kwanza kama ni mwindaji. Askari watamwona kama mpiganaji, na wapiganaji watamwona kama mawindo yenye silaha ya kunyang'anywa. Kijiji chake kinaweza kulipa pamoja naye.

Kwa hiyo, kwa mwindaji wengi wa msitu wa mashariki, mwenye kalibre 12 na mita 30 mbele ya macho, jibu la swali la darubini ya bei nafuu limekuwa lile lile tangu zamani: hahitaji hata moja. Pesa hiyo inunue katriji nzuri, au nyavu, au karo ya mtoto. Na kile ambacho darubini ingempa, yaani kuona vizuri kabla ya kupiga, akifanye kwa macho yake mwenyewe: kungoja hadi mnyama mzima aonekane, na kuteremsha bunduki kila mara anapokuwa na shaka.